Nilikwenda kwenye mkutano wa wasiotaka turudishiwe mashamba

MWEZI uliopita msomaji mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Nduta, ambaye sasa anauza mawese mpakani Mugina, alinipigia simu jioni akiwa na swali. Watu wanaokalia mashamba kilimani kwao wameitisha mkutano, watakuwepo wanasiasa kutoka mjini, naye amepata mwaliko kama wengine. Ndugu zake wamemkataza. Wamemwambia kwamba akikaa kwenye kiti chao na kunywa Fanta yao, basi amekwisha kuliuza itongo la baba yake. “Sasa wewe kaka, ungefanya nini?” akaniuliza.

Nikamjibu kwamba mimi nilishakwenda kwenye mkutano wa namna hiyo, na kwamba habari yake ni ndefu, itammalizia salio. Nikamwahidi kuiandika hapa.

Ilikuwa mwaka 2013. Wanaokumbuka watakumbuka jinsi mji wa Bujumbura ulivyochemka kwa maneno mwaka ule. Serikali ilikuwa ikitaka kubadili sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile tuliyozoea kuiita CNTB, iliyoundwa mwaka 2006. Mwezi Mei, pale Ngagara, vijana walikusanyika kuzuia familia moja isitolewe kwenye nyumba, na polisi wakatumia nguvu kuwatawanya. Kila aliyepanda basi alikuwa na upande wake. Mimi upande wangu ulijulikana. Nilizaliwa Katumba, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia kutoka Rumonge, na nilikuwa nimekwisha kuandika makala mbili nikisema kwamba mali ya mkimbizi irudishwe yote, bila kukatwa.

Kwa vijana, na kwa ndugu zetu wafanyabiashara wa Kigoma na Uvira wanaosoma ukurasa huu, nieleze kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, na serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi yaliyoenea nchi nzima, hasa dhidi ya Wahutu. Waliopona upande wa kusini walivuka ziwa au wakapita milimani hadi Tanzania. Wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakakaa huko zaidi ya miaka 30. Huku nyuma mashamba yao ya kando ya ziwa, yale yenye michikichi, hayakubaki matupu. Mengine yaliingizwa katika miradi ya mawese ya serikali. Mengine waligawiwa watu walioletwa kutoka mikoa mingine. Mengine jirani alisogeza tu mpaka wake usiku. Naomba msomaji aweke akilini namna hizi tatu, maana nitazirudia.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulisema wazi kwamba mkimbizi anayerudi apate mali yake, hasa ardhi, na kama haiwezekani, apewe fidia ya haki. Mwaka 2008 safari za kurudi zikaanza. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliorudi mwaka huo. Dada yangu alibaki, naye ni mmoja wa watu zaidi ya 160,000 waliochagua uraia wa Tanzania. Baba hakuiona safari hiyo, kaburi lake liko Katumba.

Katika shamba la baba tulimkuta mtu. Nitamwita Mzee, kwa sababu jina lake halina haja hapa. Mwaka 2009 tulikaa naye mbele ya bashingantahe tukagawana nusu kwa nusu, mpaka ukapita kwenye mfereji. Siku zile ndiyo ilikuwa njia iliyohimizwa na tume chini ya padri Astère Kana: mgawane muishi pamoja. Kaka yangu alitia dole gumba lakini moyoni hakukubali. Kuanzia mwaka 2011 tume ikapata mwenyekiti mwingine, Askofu Sérapion Bambonanire, na mwelekeo ukawa kumrudishia mkimbizi chote. Kaka akalitoa faili kabatini. Kusema kweli nilimuunga mkono.

Katika hali hiyo ndipo nilipopata mwaliko, kwa kuwa ni mtu wa gazeti, wa mkutano wa siku mbili katika ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa. Waliouitisha walikuwa wanasiasa, mawakili na wakazi waliopinga mswada ule. Kaka aliponiona napiga pasi shati aliniuliza kama nimeahidiwa bahasha. Nilipomwambia hapana, alisema basi mimi ni mjinga zaidi ya alivyodhani.

Sitaki kujisifu. Sikwenda kusikiliza. Nilikwenda na daftari jipya ili nikusanye uongo wao, niandike makala ya tatu.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya wakili. Alizungumza Kifaransa kizuri mno, cha haraka, na sisi tuliosoma Tanzania tulikuwa tunashika neno moja na kuacha matatu. Hoja yake hata hivyo niliielewa. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya mwaka 1986, alisema, mtu akikaa kwenye ardhi miaka 30 bila kupingwa, ardhi hiyo inakuwa yake. Akahesabu vidole: 1972, 1982, 1992, 2002. Aliyerudi mwaka 2008 amechelewa. Ukumbi ukapiga makofi. Nikaandika kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Baada yake alisimama mama mmoja mtu mzima kutoka Nyanza-Lac. Huyu hakuwa na hotuba. Alikuwa na mfuko wa plastiki wa sukari, na ndani ya mfuko karatasi zilizokunjwa mara nyingi hadi zimekatika kwenye mikunjo. Alisema kwa Kirundi kwamba mwaka 1984 yeye na mumewe waliuza ng’ombe wakanunua shamba kwa mtu aliyekuwa amegawiwa na serikali, na tarafa ikapiga muhuri. Mumewe amezikwa pale. Watoto saba wamezaliwa pale. Hajui jina la mtu aliyekuwepo kabla, hakuna aliyewahi kumtajia. Akauliza: kama serikali iliyopiga muhuri ilikosea, kwa nini anayefukuzwa ni yeye?

Aliishika karatasi juu ili sote tuione. Nilikuwa safu ya tatu, niliuona muhuri. Sikuandika chochote.

Kisha akaja mwanasiasa kijana akarudisha hasira yangu mahali pake. Alisema warudi hawataki kulima. Wakipewa shamba leo wanaliuza kesho na kurudi Tanzania waliko na maisha yao. Hapo niliandika UONGO kwa herufi kubwa na kupiga mistari miwili. Lakini nikiwa bado nimeshika kalamu nikawakumbuka watu wawili ninaowajua kwa majina, mmoja tulikuwa darasa moja Katumba, ambao walifanya hivyo hivyo. Wawili tu kati ya mamia ninaowajua. Kijana yule alikuwa anawapaka watu wote matope ya wawili. Hata hivyo neno lile UONGO sikuweza tena kuliacha lilivyokuwa, nikaongeza pembeni: si wote.

Saa ya chakula, foleni ya wali na ndagala, mtu akanigusa bega. Ni Mzee. Sikujua kwamba yumo. Tulitazamana kama watu waliokutana mahali wasipotaka kuonekana, ingawa kwa kweli mimi ndiye niliyekuwa ugenini. Akanishika mkono akawageukia wenzake aliokuwa nao: “Huyu ni ndugu yangu wa shamba moja. Baba yake ndiye aliyepanda ile michikichi mirefu.” Wenzake wakanyamaza. Mimi pia sikuwa na la kusema, kwa sababu katika barua zote zilizopelekwa na pande zote mbili hakuna mahali ambapo Mzee alikiri kwamba baba yangu ndiye aliyepanda. Hapa foleni ya wali amekiri bila kuulizwa.

Tulikula meza moja pamoja na mama mmoja mfanyabiashara wa Rumonge ambaye hakuwa na upande. Kazi yake ilikuwa kununua chikichi shambani kabla ya mavuno, kukamua, na kuvusha bidoni za mawese kupitia Mugina kwenda Manyovu. Alikuja, alisema, kwa sababu kila faili likifunguliwa yeye anapoteza fedha. Anampa mtu faranga za kutanguliza mwezi wa pili, mwezi wa nne inakuja amri kwamba hakuna kupanda mti wowote hadi kesi iishe, chikichi zinaiva, zinaanguka, zinaoza, na aliyepokea fedha anasema hana. Amdai nani? Akanitazama mimi na Mzee kwa zamu. “Ninyi gombaneni,” alisema, “lakini mseme ni nani anayeruhusiwa kupanda mti.” Katika makala zangu mbili sikuwa nimeandika hata mstari mmoja juu ya watu kama yeye. Na gazeti hili linanunuliwa zaidi na watu kama yeye.

Mchana waliruhusu maswali. Niliinua mkono. Kirundi changu ni cha nyumbani, kimechanganyika na Kiswahili cha Katumba, na nilipotaka kusema itongo nikasema shamba, ukumbi ukacheka. Nikaendelea. Niliuliza: serikali ikisema leo kwamba itawalipa bei ya haki, au itawapa ardhi mahali pengine, ni wangapi humu mtakaokubali kuhama?

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba nirudi Tanzania. Mwenyekiti aligonga meza, ila kwa mkono mwepesi sana, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Lakini wakati huohuo mikono ikaanza kuinuka. Si yote, pengine theluthi ya ukumbi. Mama wa mfuko wa plastiki aliinua wake. Mzee hakuinua, akanitazama, akatikisa kichwa polepole kunionyesha kwamba yeye hapana.

Siku ya pili ilikuwa fupi. Maazimio yalisomwa saa nne asubuhi, na karatasi zilikuwa na tarehe ya juzi yake. Yaani yalichapwa kabla sisi hatujafika. Nisiwacheke sana kwa hilo, maana hata mikutano yetu warudi nimeona maazimio yakiletwa yakiwa yamekauka wino. Jambo lililonishtua ni jingine. Ilipita karatasi ya mahudhurio, kila mtu anajaza jina, kilima, simu na sahihi. Jirani yangu alisaini akanisogezea. Nilikuwa nimekwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina langu nilipopandisha macho juu na kusoma kichwa cha karatasi: Sisi tuliohudhuria, tunaounga mkono maazimio haya. Nikaikata herufi ile, nikampa aliyefuata.

Maazimio yenyewe yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa lile la miaka 30, na hilo nililipinga siku ile na ninalipinga leo. Miaka haiwezi kuhesabiwa dhidi ya mtu ambaye akirudi atauawa. Aliyekaa bila kupingwa anapata haki kwa sababu mwenye mali alikuwepo, akaona, akanyamaza. Baba yangu hakunyamaza. Alikuwa Katumba, na nchi ilikuwa imefungwa kwake. Ukimhesabia baba miaka ya ukimbizi, basi unamtoza faini kwa kuponea kifo. Wakili yule alikuwa na akili nyingi na kwa hili simpi hata nusu.

La pili lilisema wote wanaokalia ardhi za wakimbizi wahesabiwe kuwa waliipata kwa nia njema. Hapa ndipo ninaporudi kwenye zile namna tatu. Aliyepewa na serikali au kununua kwa muhuri kama yule mama, nakubali nia yake ilikuwa njema. Jirani aliyesogeza mpaka usiku alijua mwenye shamba ni nani, alimla harusini, na alijua amekwenda wapi. Kuwatia hawa katika kapu moja ni kumtumia mama wa Nyanza-Lac kama mwavuli wa wezi. Nilimwambia hivyo mmoja wa waandalizi pale mlangoni, akakunja uso. Lakini njiani kurudi nyumbani nilitambua kwamba na sisi tulikuwa na kapu letu. Makala zangu zote mbili zilitumia neno wanyang’anyi kwa watu wote hao, na mama yule yumo.

La tatu lilitaka kwamba pasiwe na mtu wa kuhamishwa kabla ya fidia kulipwa na serikali. Hilo peke yake, kama wangelitenga na mengine, ningelitia sahihi hata mara mbili. Ni neno lilelile la Arusha, limegeuzwa upande wa pili tu. Siku mbili zile watu walimtukana mrudi, nasi kwetu tukimtukana mkazi, na aliyegawa mashamba, aliyepiga mihuri na aliyeahidi fidia hakuwa na kiti ukumbini wala hakuna aliyemuulizia.

Makala ya tatu niliiandika, ila si ile niliyokwenda kuitafutia uongo. Nilizitenganisha namna tatu za wanaokalia na nikaomba zihukumiwe tofauti, kila moja kwa haki yake. Warudi wenzangu walikasirika. Mmoja alinirudishia gazeti nyumbani likiwa limekatwa vipande. Kaka hakusema neno, akalirudisha faili kabatini, na mimi sijui hadi leo kama ni kwa sababu ya makala au kwa sababu mwanasheria alimtajia bei yake.

Yaliyofuata mnayajua. Sheria mpya ilipita mwishoni mwa 2013, mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi, na mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alisimamisha utekelezaji wa maamuzi ya tume baada ya vurugu kule Makamba. Kisha yakaja machafuko ya mwaka huohuo, na kaka yangu, mtoto wa mkimbizi wa 1972, akavuka tena kwenda Tanzania. Alikaa Nduta hadi 2019. Mimi nilikuwa mjini, shamba nikalifikia mara chache.

Katika miaka ile Mzee alikuwa peke yake kwenye shamba lote. Angeweza kuuvuka mfereji. Hakuuvuka. Mwaka wa kwanza na wa pili alituma fedha za mavuno ya upande wetu kwa wafanyabiashara wa mawese, zikamfikia kaka kambini, pungufu kidogo kama fedha zote zinazopita mikono mitatu. Mwaka wa tatu hakutuma kitu, alisema michikichi haikuzaa. Sikumwamini, na bado simwamini, kwa sababu upande wake ilizaa. Nimemwambia hivyo usoni. Tunaelewana lakini hatuko sawa, na mpaka ni uleule mfereji.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Mugina. Muda wa tume uliisha Machi 2022, kesi zilizobaki zimerudi mahakama za kawaida. Maana yake ni kwamba watu wenye shauri moja watakutana mahakamani, kisimani, sokoni na njiani, miaka mingi, bila tume katikati. Mkutano wanaouitisha kilimani kwenu utafanyika, uende au usiende, na jina la baba yako litatajwa. Mimi ningependa litajwe nikiwepo.

Kwa hiyo nenda. Lakini usiende mikono mitupu. Chukua nakala za karatasi zako na asili uiache nyumbani. Karatasi ya mahudhurio isome kichwa kabla ya kuandika hata herufi moja, na kama ina maneno usiyoyakubali, omba karatasi nyingine nyeupe uandike jina na neno mgeni. Kama hujui Kifaransa, sema kwa sauti kwamba hujui, watafsiri. Utashangaa ni wangapi ukumbini walikuwa wanangoja mtu aseme hivyo. Wakikuambia urudi Tanzania, usijibu, maana wanaotaka ujibu si wale wenye karatasi za kukuonyesha. Muulize kila anayesema shamba ni lake alilipata kwa nani na mwaka gani, uandike. Na ikifika saa ya chakula usiondoke kwenda kula nyumbani, hata kama mkeo amepika.

Kuhusu ndugu zako wanaosema utakuwa umeuza itongo, sina dawa yao. Mimi kaka yangu alikaa siku tatu bila kunisalimia, na tunalala nyumba moja.

Alinipigia tena juzi. Mkutano umeahirishwa kwa sababu barabara ya kutoka mjini imekatwa na mvua na wakubwa hawawezi kufika. Wamesema utafanyika wiki mbili zijazo. Atakwenda, amekwisha kupiga nakala za karatasi zake Mabanda, ila aliniuliza kama ile Fanta anaruhusiwa kuinywa. Nimemwambia ainywe, na kama kuna mishikaki asiiache.